Mama wa Benchi la Nyuma

Wapendwa, kaeni. Na wale wapiga tarumbeta walioko nje, naomba waziweke chini kidogo wapumzishe midomo. Najua mmekuja na furaha leo. Tangu juzi yule askari ahukumiwe kwa mauaji, mtaa mzima haujatulia. Watu wanasalimiana kwa habari hiyo, hata wale waliokuwa hawasalimiani. Wazee wa kanisa wameniomba niongoze ibada ya shukrani, nami nimekubali. Lakini tangu nikubali sina raha. Asubuhi uji wenyewe umenishinda, mke wangu ni shahidi, yule pale anatikisa kichwa. Basi kabla hatujaimba, nivumilieni niwape mfano. Ni wa kutunga, kwa hiyo mtu asije akaniuliza ni mji gani.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, muuza vitumbua, na mwanawe wa pekee alikuwa dobi. Alikuwa anafua nguo za watu, anaanika nyuma ya soko, anapiga pasi ya mkaa, anarudisha kwa wenyewe zimekunjwa vizuri. Kijana mtaratibu. Walimu walikuwa hawampi mtu mwingine mashati yao.

Siku moja wingu likafunga ghafla. Dobi akazianua nguo mbiombio, akazikumbatia kifuani, akakimbia kuwahi paa. Sasa fikirini: mwanaume anakimbia sokoni, mikononi ana mashati ya watu na magauni ya kike. Mnadhani watu walisema, huyo anawahi mvua? Nani kati yetu angesema hivyo? Mtu mmoja akapiga kelele, "Mwizi!" Alianza mmoja tu, wengine wakamsaidia. Askari alikuwa amesimama kwenye kona, bunduki begani. Hakuuliza neno. Mvua ilipofika, dobi alikuwa ameshalala chini, na nguo za watu zikalowa zote.

Safari hii mji ulikasirika. Dobi alijulikana na kila mtu. Mashahidi wakajitokeza mpaka mwendesha mashtaka akasema wametosha. Kesi ikafika mahakama kuu, na kila iliposikilizwa watu walifunga biashara wakaenda. Yule mama hakukosa. Lakini hakupata usingizi wa maana kwa muda wote ule. Aliogopa kesi itaahirishwa tena. Aliogopa shahidi atabadilisha maneno. Akimwona wakili wa askari anacheka na mtu kwenye korido, anajiambia wameshaelewana. Nyie mliowahi kusubiri hukumu mnaujua ugonjwa huo.

Na kulikuwa na kitu kingine kilichomsumbua. Kwenye benchi la nyuma kabisa, pembeni mwa mlango, alikuwa anakaa mwanamke mmoja mwembamba, kajitanda kanga iliyopauka. Naye hakukosa. Aliingia peke yake, akatoka peke yake. Kila jina la askari lilipotajwa, alijifuta macho. Hakuna aliyemjua, ila kila mtu alikuwa na hakika ni nani. Watu walisema, "Huyo ndiye mama yake askari. Ona anavyomlilia." Basi wakamtenga. Benchi lile likabaki lake. Akipita, watu wanavuta nguo zao asiwaguse. Kuna mama mmoja, tena mcha Mungu, mwimbaji wa kwaya, aliwahi kumtemea mate miguuni, na hakuna aliyemkataza.

Siku moja mama wa dobi mwenyewe alishindwa kujizuia. Akageuka, akamwambia mbele ya watu, "Njoo ukae mbele, mama, umwone vizuri mwanao anavyofungwa."

Yule mwanamke akajibu polepole, "Huyo si mwanangu."

Watu wakacheka. Wakasema, leo anamkana.

Sasa siku ya adhabu ikafika. Askari alikuwa ameshatiwa hatiani kwa mauaji, kilichobaki ni jaji kutamka kifungo. Mahakama ilijaa mpaka watu wakaning'inia madirishani. Jaji akamuuliza wakili wa utetezi kama ana la kusema kabla ya adhabu. Wakili akasimama, akavuta joho lake, akasema, "Mheshimiwa Jaji, mteja wangu alipata barua ya uhamisho kabla ya tukio hili. Angekuwa mbali na mji huu. Ni wananchi hawahawa waliokwenda kwa mkuu wa kituo kuomba abaki. Wengine wamo humu ndani. Walimpelekea na jogoo."

Watu wakanung'unika. Mama wa dobi hakunung'unika. Alitazama miguu yake, na jasho likaanza kumtoka mgongoni.

Wapendwa, kwa nini jasho? Kwa sababu ilikuwa kweli. Askari yule mji ulikuwa unampenda. Walimpa jina la Fagio, kwa kuwa, walisema, anafagia uchafu. Siku ya kwanza kufagia ilikuwa palepale sokoni, karibu na mizani ya nafaka. Alimkamata kijana aliyesemekana kaiba baiskeli. Kijana alikuwa ameshapiga magoti, mikono juu, akisema, "Afande, nisikilize." Hakusikilizwa, risasi ikalia. Watu walipiga makofi. Mama wa dobi naye alikuwepo, vitumbua vikiwa jikoni. Aliacha kugeuza, akapiga kigelegele. Na uhamisho ulipotoka, yeye ndiye aliyembeba jogoo. Yeye ndiye aliyesema kwa niaba ya akina mama, "Mkuu, afande huyu tuachieni. Tangu aje tunalala milango wazi."

Basi alikaa pale akingoja wakili aseme, ni yule pale, mwenye kilemba cheupe. Wakili hakusema. Akaketi. Jaji akasema kuombwa abaki si ruhusa ya kuua, na ni kweli kabisa, akampa kifungo cha maisha.

Nje palikuwa kama sikukuu. Nyimbo, mbinja, honi za pikipiki. Wanawake walitandika kanga chini mama apite juu yake. Vijana wakambeba mabegani, wakawa wanampeleka kwenye gari lililokodishwa wamzungushe mji mzima. Watu wanacheza, naye juu pale maneno ya wakili hayajamtoka masikioni. Wakamwona mwanamke wa benchi la nyuma anashuka ngazi za mahakama, anajipitisha ukutani.

Mmoja akaita, "Mama Fagio huyo!" Mwingine akamvuta kanga. Mwingine akaokota jiwe. Mnajua inavyokuwa. Mtu wa kwanza anavuta kanga, wa pili anasukuma, na baada ya hapo hakuna tena anayejua mkono wake ni upi.

Mama wa dobi akapiga kelele ashushwe. Wakadhani anataka awe wa kwanza, wakampisha njia, wakanyamaza wasikie atakavyomtukana. Akasimama mbele ya yule mwanamke, akamwuliza, "Wewe mama, huyu askari ni nani yako?"

"Si mtu wangu."

"Mbona hukukosa hata mara moja? Mbona unalia wakimtaja?"

"Nilikuja kusikiliza," akasema. "Nilidhani wakimaliza wa kwako watamtaja na wa kwangu."

"Wa kwako yupi?"

"Yule wa baiskeli. Wa pale kwenye mizani."

Aliyeshika jiwe akaliweka chini taratibu, kana kwamba linaweza kuvunjika. Mama wa dobi akakaa kwenye ngazi. Akauliza, "Na kwa nini hukwenda kushtaki, dada yangu?"

"Nilikwenda. Wakaniambia nilete shahidi. Ningemleta nani? Hata msibani hakuja mtu."

Nawauliza, wapendwa: mji mzima ulishindwaje kumjua mwanamke huyu? Aliishi ng'ambo ya mto tu, mwendo mfupi. Kwetu uso wa mfiwa hausahauliki, kwa sababu tunaukalia. Tunatandika mikeka, tunalala naye, tunamshika mkono akitaka kuanguka kaburini. Mtu hata kama hukumjua jana, ukikaa naye matanga, hata uzeeni utamtambua stendi. Tungempotezaje huyu? Tulimpoteza kwa sababu hatukwenda. Mwanawe aliitwa mwizi, na kila mmoja aliogopa kuonekana kwenye mkeka wa mama wa mwizi. Hakuna aliyeazima sufuria. Hakuna aliyekuja na unga. Alizika yeye, na dada yake, na mchimba kaburi aliyekuwa na haraka. Na baadaye mji ukamwona mahakamani, ukasema, huyo ni mama wa muuaji.

Mama wa dobi akanyanyua uso. "Jina lake nani?"

"Zefania."

Mmeona? Katika mfano wangu wote, ukiacha lile la utani la Fagio, hilo ndilo jina pekee, na limekuja mwishoni.

Akasema, "Nilikuwepo. Nilimwona Zefania amepiga magoti. Kesho twende kituoni, nitasema."

Yule mwanamke akajitanda tena kanga yake iliyovutwa. Hakumkumbatia, msinitafutie hapo kukumbatiana. Alimwambia, "Watakuuliza ulifanya nini ulipoona."

"Nitawaambia nilipiga kigelegele."

Gari lililokodishwa likapiga honi. Hakuna aliyepanda.

Mfano umekwisha, na sasa nazungumza nanyi. Msije mkatoka hapa mkasema mchungaji anamtetea askari. Hukumu ya juzi ilikuwa ya haki. Aliyeua ametiwa hatiani, na mama aliyefiwa ana haki ya kulia na ana haki ya kupumua. Bwana hapendi damu ifunikwe kwa mchanga, iwe ya dobi au ya nani. Nimeshukuru, na nitashukuru tena.

Lakini naogopa, ndugu zangu. Naogopa kwa sababu nimewasikia mkishangilia, na sauti ile naijua. Ni sauti ileile iliyoshangilia siku zile askari wetu alipokuwa anafagia. Hivi sisi tulitaka haki, au tulitaka tu mtu wa kumpigia kelele? Mikono iliyopiga makofi kwenye mizani ndiyo iliyopiga makofi kwenye ngazi za mahakama, na wala hatukunawa katikati. Tukimwona mtu anakimbia na nguo leo hii, kabla ya mvua, tutasemaje? Niambieni. Jumatatu tutasemaje?

Askari huyu hakushuka mtaani kwetu na moyo ule umekamilika. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba kuna watoto wa kuuliwa na watoto wa kuliliwa. Alijifunza vizuri. Kosa lake, machoni petu, ni kwamba siku moja alichanganya. Jaji amemfunga kwa yule tuliyemlilia. Kwa wale ambao hatukuwalilia, jaji hawezi kumfunga mtu bila shahidi, na shahidi ni mimi na wewe, na sisi tunasema siku hiyo hatukuwepo. Wote tulikuwa sokoni, ila siku hiyo hakuna aliyekuwepo. Soko gani hilo?

Mungu akituuliza, hatatuuliza kwanza habari za Fagio. Za Fagio ameshazisikia mahakamani. Atatuuliza jina la yule wa kwenye mizani. Na sisi tutajibu nini, wapendwa? Tutajibu, "Bwana, yule mwizi"?

Tarumbeta zitapigwa. Nimewaahidi wazee, sitavunja ahadi. Lakini kwanza kila mtu amgeukie jirani yake, amtajie jina moja la mtu aliyeuawa mtaani kwetu nasi hatukwenda msibani kwake. Si lazima useme kwa sauti. Kama mama yake yuko humu ndani, mpisheni nafasi mbele. Na kama jina hulijui, mwambie jirani yako kwamba hulijui.

Nasubiri.