Fundi Shaweji na Hati ya Chokaa

Hapo zamani, wakati masultani walikuwa wengi na kazi zao chache, palikuwa na mji wa mawe ukiitwa Mwambweni, na katika mji huo alikaa fundi wa kupaka chokaa, jina lake Shaweji. Siku hizi wangemwita mkandarasi na kumpa kiti cha kuzunguka. Zamani hizo aliitwa fundi tu, na akitaka kukaa alipindua ndoo yake akakalia. Hakuwa na mali, ila mikono yake ilijua kazi, na mdomo wake ulijua kusema, na hivyo viwili vilimlisha yeye na mkewe, Bi Mwanahawa, miaka ishirini.

Sultani wa Mwambweni, Badrani, hakuwa mtu mbaya. Alipenda mambo mawili kupita kiasi, kula na kutazama kuta nyeupe. Sasa siku moja ameketi ukumbini, sinia la pilau liko mbele yake, gamba la chokaa likabanduka darini likaanguka katikati ya nyama. Sultani akalitafuna kabla hajaliona. Ikawa siku hiyo hapana aliyekula kwa raha katika jumba lile, kuanzia wake zake hadi paka.

Dari lile lilipakwa na Nassibu, mpwa wa Waziri Zahoro, na Waziri alilijua hilo vizuri kuliko jina la mama yake. Akawahi kusema yeye kabla ya kuulizwa. Akamwambia Sultani kwamba kosa ni la mafundi wa mitaani, kila mwenye ndoo anajiita fundi, na dawa yake ni sheria. Sultani, ambaye ulimi wake ulikuwa bado una vumbi, akasema sheria iandikwe. Waziri akaiandika mwenyewe, na kesho yake ikasomwa sokoni kwa mbiu:

"Hapana ruhusa kwa mtu yeyote kuufanya ukuta kuwa mweupe katika mji huu, ila awe na hati yenye muhuri. Atakayefanya bila hati atafungwa mwaka mmoja na vifaa vyake vitachomwa moto. Na atakaye hati, sharti kwanza aonyeshe ukuta mweupe wa kazi yake, uliokamilika baada ya sheria hii kusomwa."

Watu wakasikiliza, wakatikisa vichwa, wakaondoka. Wachache walioielewa walicheka kwa uchungu. Mwenye hati alikuwa mmoja tu mji mzima, naye ni Nassibu, aliyeipata ile jioni kabla mbiu haijapigwa.

Basi ikapita miezi miwili. Shaweji hana kazi, chokaa yake imelala ndani ya pipa, brashi yake ya makumbi inaning'inia ukutani. Bi Mwanahawa alikuwa mwanamke mvumilivu, na njaa aliivumilia, lakini mume kushinda nyumbani mchana kutwa ni jambo jingine. Mara tatu Shaweji alikuwa amemfundisha namna ya kupika mchicha. Mara ya nne mkewe akaweka mwiko chini.

"Nenda ukatafute hiyo hati," akamwambia. "Ukirudi bila hati, kesho tunakwenda kwa kaka zangu shamba, ukapalilie mihogo."

Shaweji alikuwa amepaka chokaa tangu hajaota ndevu. Kwake yeye kumalizia maisha katika mihogo ya mashemeji kulikuwa sawa na kuzikwa mzima. Akavaa kanzu yake, ile moja, akaenda kwa karani wa jumba la Sultani.

Karani akamwuliza ukuta wake uko wapi. Shaweji akajibu kwamba hana ukuta kwa sababu hana hati. Karani akamweleza kwa upole kwamba hana hati kwa sababu hana ukuta. Wakaenda hivyo mpaka adhuhuri, mmoja akisema hili na mwenziwe lile, hata karani akachoka akafunga dirisha. Shaweji hakurudi nyumbani. Alisubiri baraza ya Ijumaa, akapenya katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya Sultani, akaeleza shida yake yote, na mihogo akaitaja.

Sultani siku hiyo alikuwa ameshiba, naye akishiba alipenda mchezo. Akamtazama fundi, akamtazama Waziri, akatabasamu.

"Sikiliza, fundi," akasema. "Sheria yangu siivunji. Lakini nitakupa ukuta mmoja, ule wa uani kwangu. Utaupaka mbele ya Waziri. Ukuta uwe mweupe, wala wewe usiwe uliyeufanya mweupe. Ukiweza, hati ni yako. Ukishindwa, ni mwaka mmoja gerezani, na brashi yako nitaipikia chai."

Baraza nzima ikaangua kicheko, kwa maana Sultani akifanya mzaha kucheka ni lazima. Shaweji akainamisha kichwa mpaka kilemba kikagusa mkeka. Akasema amekubali, ila anaomba jambo dogo: atakapomaliza kazi, Bwana Waziri aandike kwa mkono wake yale atakayoyaona kwa macho yake, atie muhuri, na Nassibu mwenye hati awe shahidi. Waziri akakubali upesi, kwa furaha ya mtu anayeombwa achinje kuku aliyekuwa akimnyemelea tangu jana.

Nyumbani Bi Mwanahawa alipoyasikia akamkunjia mumewe blanketi la kwenda nalo gerezani, akaongeza na kopo la maji.

Siku ya pili, alfajiri imekwisha kusaliwa na jua halijapanda, Shaweji akaingia uani na ndoo yake. Ukuta ulikuwa umechakaa kwa mvua, una ukungu wa kijani na madoa kama uso wa mtu aliyetoka kuugua ndui. Akausugua, akaulowesha maji, kisha akachota chokaa yake. Miezi miwili ndani ya pipa ilikuwa imeilainisha ikawa kama mtindi. Akaizimua mpaka ikawa nyepesi kama maji ya kuoshea mchele, akaanza kupaka. Alipaka juu, akapaka chini, akarudia mara ya pili, wala hakuharakisha.

Na ukuta? Ukuta ulilowa tu, ukawa mweusi zaidi kuliko mwanzo. Hata yale madoa ya kijani yalionekana kwa chini, yanachungulia.

Nassibu akacheka hadi akashika ubavu. "Mjomba, huyu amepaka maji," akasema. "Chokaa ya fundi wa kweli hung'aa hapo hapo. Yangu mimi ni nyeupe tangu ndooni."

Naye alisema kweli yake. Chokaa ya Nassibu ilikuwa unga wa muhogo uliokorogwa na maji, na chokaa kidogo ya kutia harufu. Ndiyo maana ilibanduka, na ndiyo maana mbuzi wa Mwambweni hawakuisha kulamba nyumba za matajiri. Chokaa halisi ikilala ukutani ikakauka Nassibu hakupata kuiona, kwa kuwa hakupata kuinunua. Mjomba wake naye alikuwa mtu wa jumba. Kuta alizozijua zilikuwa zimekwisha kukauka.

Shaweji akaosha brashi, akaipindua ndoo. Akasema, kwa sauti ya mnyonge, kwamba amemaliza, na Bwana Waziri aandike. Waziri akaandika: "Mimi Zahoro, Waziri, nashuhudia kwamba fundi Shaweji amemaliza kazi yake, naye ameosha brashi yake, na ukuta si mweupe." Akatia muhuri. Nassibu akatia jina lake chini, kwa herufi kubwa kuliko za mjomba. Hapo Shaweji akanyoosha mikono, akaomba afungwe kamba kabisa, maana mwisho wake ni huo. Waziri akaona huo ni uungwana, akamfunga mwenyewe.

Akatumwa mtu kumwita Sultani. Sultani alikuwa anafungua kinywa, na Sultani Badrani akianza na uji hukoma kwenye sambusa, na katikati mna mengi. Basi wakangoja. Jua likapanda juu ya paa, likaanza kuugusa ukuta. Shaweji alikuwa amekaa juu ya ndoo, mikono imefungwa, anautazama. Mara likaja wingu likakaa mbele ya jua. Wacha nisiwadanganye, mtu yule aliogopa. Aliona geti la gereza, aliona brashi yake motoni, aliona na mihogo, na kwa mara ya kwanza mihogo ikamvutia. Akamwomba Mungu kimoyomoyo aliondoe lile wingu, au basi amwongezee Sultani sambusa.

Wingu likapita. Pembe ya juu ikakauka, ikapauka kwanza. Kisha weupe ukateremka polepole, ukala kijani, ukala madoa, hata ukuta mzima ukawaka kama shuka la bibi harusi. Waziri na Nassibu hawakuona kitu, kwa kuwa walikuwa wameupa mgongo, wanagawana mapema kazi ya kuupaka upya.

Sultani akatokea mlangoni na kidole bado mdomoni, akakinga macho kwa mkono.

"Nani aliyeufanya ukuta wangu mweupe hivi?" akauliza.

Waziri akageuka. Rangi ya uso wake ilipotea. Akasema kwa kigugumizi kwamba ni huyu fundi, amevunja sheria mchana kweupe, afungwe.

"Sultani wangu," Shaweji akasema, "mimi nimefungwa tayari, na aliyenifunga ni Bwana Waziri. Na hapo mkononi mwake iko karatasi."

Sultani akaipokea akaisoma, akairudia kwa sauti. Kazi imekwisha, brashi imeoshwa, na ukuta si mweupe; muhuri ni wa Waziri, na shahidi ni mwenye hati. Akauliza, basi baada ya hapo ni nani aliyekuja?

"Ni jua, Maulana," akajibu Shaweji. "Limepanda bila kubisha hodi, nasi wote tukilitazama. Mimi niliweka chokaa, lenyewe likaufanya ukuta mweupe, na hati halina. Ikiwa sheria ni sheria, waamuru askari wakalikamate."

Sultani akaupitisha mkono wa kanzu yake ukutani, haukuchafuka. Akamwita Nassibu, akaingia naye ndani, akaipitisha kanzu ileile kwenye ukuta wa ukumbini aliopaka kijana huyo, na kanzu ikawa na unga tele. Akaunusa. Akaonja. Ladha ya muhogo Sultani Badrani hakuhitaji kuambiwa na mtu. Hapo akarudi uani akicheka, akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo ya fundi, na kicheko kilipokwisha akaagiza hati ya Nassibu ichanwe, na Shaweji afunguliwe kamba.

"Karani, andika hati mbili," akasema. "Moja ya fundi Shaweji, na kazi zote za jumba hili ni zake. Na moja ya jua, kwa sababu kesho litapanda tena, nami sitaki mtu avunje sheria yangu kila siku. Waziri, wewe ndiye uliyeitunga. Kaipeleke mwenyewe, mkononi."

Basi Waziri Zahoro akasimama katikati ya uwanja wa soko, karatasi ameinyanyua juu, tangu asubuhi hiyo mpaka magharibi, na mafundi wote wa mji wamepindua ndoo zao wamekaa kumtazama. Jua likampitia kichwani, likateremka, likazama. Sultani akatuma mtu kuuliza kama limeipokea. Waziri akajibu kwa sauti ndogo kwamba bado.

Akaambiwa, "Basi kesho uwahi. Hupanda mapema."

Hekaya yangu imekauka. Asiyeamini apitishe kanzu yake.