Kayaki ya Sange na Teke la Kiboko

— Hadithi inaomba njia!
— Ipite, njia nyeupe!

Jumanne asubuhi, maji yakianza kujaa, Kiboko alivunja mtumbwi wa Kobe. Ulikuwa wa gogo zito. Teke moja tu, pwaa! ukapasuka.

Ndiyo desturi ya mlango ule wa bahari: chombo kipya hupigwa teke moja na Kiboko. Kikivunjika, shehena ni yake. Kikihimili, kinapita. Hakuna kilichowahi kupita.

Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alitazama akimfikiria mama yake. Mama alikuwa kisiwani, mgonjwa, meno yamekwisha. Kilichompita kooni ni papai bivu tu.

Sange akarudi kwake kuunda kayaki, mtumbwi mwembamba mwepesi. Akafuma kitambaa cha katani. Akatandika kitambaa, akapaka utomvu, chapa-chapa. Akatandika kingine, nyuzi zikikatiza zile za kwanza, akapaka, chapa-chapa. Utomvu peke yake ukikauka huvunjika kama kigae. Kitambaa peke yake hulegea. Vikishikana, hupinda na kurudi.

Lakini katani ikamwishia. Mbele alikuwa ametandika tabaka juu ya tabaka. Nyuma, moja tu.

Akapakia mapapai, akaikokota kayaki hadi ufukweni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hiki nini, kikapu?"

"Kayaki, mjomba. Nakuomba, piga popote, ila mbele usipaguse. Katani iliniishia."

Kiboko akanusa mapapai. "Mtoto mkweli wewe. Nani kakulea?"

"Mama, mjomba."

Kiboko akaenda mbele moja kwa moja. Akainua mguu. Puu! Kayaki ikabonyea, ikarudi, duu! Mguu ukarushwa, Kiboko akaketi topeni.

"Si umesema pabovu!"

"Hata mimi nimeshangaa, mjomba."

Kobe akacheka hadi akaingiza kichwa gambani. Desturi ni desturi. Kiboko akasogea.

Sange akapiga kasia, chubwi, chubwi, chubwi. Akamkuta mama amelala. Akamenya papai, akamlisha kidogo kidogo.

"Umepitaje, mwanangu?"

"Nimesema uongo, mama."

"Mwingi?"

"Wa mbele tu."

Mama akafungua kinywa apewe kipande kingine.

— Hadithi imeshapita!
— Nasi tumeifungia mlango!

Funzo, wanangu: wakubwa hawadanganywi. Waonyesheni wazi palipo pabovu.

Mara ya mwisho kuonekana, mama na mwanawe walikuwa kisiwani, wanapaka utomvu nyuma ya kayaki.