Fundo Lisiloshikwa

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana hata bibi yangu aliikuta imeshapita, palikuwa na kijiji kikiitwa Kirunda. Umaskini wa Kirunda, usiseme! Watoto hawakujua kusoma, na kila mtu alimlaumu mwenzake. Mwalimu alisema wana njaa. Wazazi walisema shule iko ng'ambo, na mto una mamba. Wakalaumiana mpaka wakachoka. Mwisho wakaambiana, "Jamani, mtoto hasomi kwa kichwa peke yake. Anasoma kwa tumbo, kwa miguu, na kwa moyo uliotulia." Basi wakagawana kazi.

Bi Senzia akapika uji kila asubuhi, kwa kibaba cha unga kutoka kila nyumba. Mzee Mrutu, mwindaji aliyestaafu, akawavusha watoto mtoni kwa mkuki na kamba ndefu. Mwalimu Mbazi akafundisha ng'ambo. Na kwa kuwa Kirunda watoto hawahesabiwi kwa mdomo, eti ukiwahesabu unakialika kifo kije kupunguza, kila mtoto alipewa kibuyu chake cha uji, fundo lake kwenye kamba, na jiwe lake la kukalia. Ukiona kibuyu, fundo au jiwe halina mwenyewe, tuma mtu kwao upesi. Ndiyo amri. Nzuri, sivyo? Ngojeni.

Palikuwa na mjane, Nakijwa, mwenye watoto wawili: Namkunda wa miaka minane, na mchanga wa mgongoni. Asubuhi moja yule mchanga aliamka na homa, mwili unaunguza. Nakijwa akamwambia Namkunda, "Mwanangu, mshike mdogo wako. Nakimbilia dawa mara moja."

Hiyo mara moja, jua likapanda. Aliporudi alimkuta Namkunda analia.

"Mama, leo tunaandika majina yetu!"

"Basi kimbia, utawakuta kivukoni. Ukiwakosa, rudi. Usikanyage maji peke yako, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Kusikia ni kitu kimoja, ninyi mnaolea mnajua.

Mchana homa ya mdogo ikashuka. Nakijwa akatoka uani kumpokea binti yake. Watoto hao wanakuja, wameshika kamba, wanaimba. Akawatazama mmoja mmoja. Fundo la mwisho lilikuwa linaburuzwa mavumbini.

Akamkimbilia mzee. "Babu Mrutu, mwanangu yuko wapi?"

"Si umembakiza nyumbani?"

 Nakijwa alitimua mbio, kanga ikamdondoka, hakuiokota. Mzee alimfuata nyuma na mkuki wake. Njia nzima Nakijwa alitaka kuita jina la mwanawe, akaogopa. Je, akiita, asiitikiwe? Alipofika mtoni aliogopa hata kuyatazama maji.

Akatazama. Kivukoni hakumwona, akafuata ukingo mpaka mto unapopinda. Namkunda alikuwa juu ya mwamba katikati ya mto, amejikunyata, mguu unavuja damu. Hakuwa analia, machozi yalikuwa yameshamwishia. Pembeni ya mwamba yalionekana macho mawili juu ya maji, na mbele kidogo mawili mengine. Yalikuwa yanangoja tu.

Mzee Mrutu aliingia. Alipiga maji, akachoma mkuki, akambeba mtoto begani mpaka nchi kavu. Namkunda alikuwa hai, ila vidole vya mguu wa kushoto vilibaki mtoni.

Kesho yake kijiji kikaketi. Kirunda ina sheria: mto ukionja damu ya mtoto, aliyezembea kumtunza ahame, peke yake, asirudi. Asipohama, mamba atakuja kumalizia alichoonja. Nakijwa aliposikia neno kumalizia, alimbana Namkunda kifuani mpaka mtoto akalalamika.

Bi Senzia akasimama. "Niliona kibuyu kimejaa, nikanyamaza. Nilisema Mzee atashika kamba, ataona. Lakini nikihama, nani atapika? Watoto wenu walikuwa wanazimia darasani, mmesahau?"

Mzee Mrutu akasimama. "Niliona fundo tupu, nikanyamaza. Uji unatangulia kamba, nikajua Senzia ameshatuma mtu. Lakini nikihama, nani ataingia mtoni? Na jana nani aliingia?"

Mwalimu Mbazi akasimama. "Niliona jiwe tupu, nikanyamaza. Mimi ni wa tatu. Nikasema walionitangulia si vipofu. Tena ningemtuma nani avuke maji yale, mtoto mwingine? Nikihama, watashiba na kuvuka, halafu waende wapi?"

Watu wote wakamgeukia Nakijwa. Akasimama, Namkunda mikononi.

"Wazee wangu, mimi nilimchelewesha, na ni mimi niliyesema kimbia. Lakini mdogo wake alikuwa anakufa mikononi mwangu. Ningemwacha yupi? Nifukuzeni, nitaenda. Ila nitaenda na wanangu."

"Ahamaye huenda peke yake, binti yangu," wakamwambia kwa upole. "Watoto watabaki."

Namkunda alisikia. Akazungusha mikono yote miwili shingoni mwa mama yake, hakuna aliyeweza kumbandua. Huku chini kivukoni, wenzake walikuwa wamesimama na kamba yao tangu alfajiri, uji umewapoa tumboni, na hakuna aliyethubutu kutia unyayo majini.

Haya, wenzangu mliokaa kimya, msinyamaze tena, maana nawauliza. Mwenye kibuyu, mwenye kamba, mwenye jiwe, au mwenye mtoto: nani afunge mzigo wake ahame? Msiniambie wote, maana shule itakufa siku hiyohiyo. Wala msiniambie hakuna. Atakayesema hakuna, kwanza anijibu hili: kesho asubuhi, ni mtoto wa nani atakayetangulia majini, wako?