Chupa Sita za Rafu ya Juu

Ndugu zangu, hebu mtazameni pamoja nami mzee mmoja, mjane, ambaye kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kuvipa viumbe vya bahari majina yao sahihi.

Kati ya vyote alimpenda zaidi mmoja ambaye wengi wetu tungemdhani ni ua. Wataalamu humwita nyota-manyoya. Hukaa mwambani chini ya maji, amejishika kwa vijiguu vidogo, na mikono yake, laini kama manyoya ya ndege, hufunguka na kujikunja taratibu, kana kwamba anasikiliza wimbo ambao sisi hatuusikii. Mzee alikuwa akisema kwamba ukimtazama kitambo, unasahau kama ni asubuhi au adhuhuri.

Lakini ofisini kwake nyota-manyoya walikaa ndani ya chupa za spiriti. Spiriti huwanyonya rangi. Mwekundu na wa manjano wote hubaki rangi ya chai iliyopoa. Na kwa kuwa mikono yao hukatika kwa kuguswa tu, mzee aliihesabu kwa kibanio na kioo cha kukuzia, kiungo baada ya kiungo, pumzi ameizuia. Rafu ya chini walikaa wenye mikono arobaini, ambao jina lao lilijulikana tangu zamani. Rafu ya juu zilikuwa chupa sita za wadogo wenye mikono kumi tu, wote wametoka ufuko mmoja. Hao hawakuwamo katika kitabu chochote.

Aina mpya! Na anayeitangaza aina mpya ndiye anayeipa jina.

Mzee alikwisha kulichagua. Lilikuwa jina la marehemu mkewe, Perusi. Hawakujaliwa mtoto, wala hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyelibeba jina hilo kwa ajili yake. Aliandika lebo sita kwa wino mweusi, akazibandika. Akaandika na barua ya kuwatangazia wataalamu wenzake. Ilibaki kuitia posta tu. Ila alitamani kwanza amwone mmoja akiwa hai.

Basi akasubiri bamvua, maji yakapwa hadi mbali, akaenda kwenye ufuko ule. Katika kidimbwi kando ya jiwe moja akamkuta, amefunguka mikono yote. Akahesabu. Akarudia kuhesabu. Ishirini na mitatu.

Mwanamke mmoja mkulima wa mwani alikuwa karibu naye, anakaza kamba zake. Alimtazama mzee aliyeinama muda mrefu bila kusogea, akacheka.

"Shikamoo, baba. Unamhesabu au unamsomea dua?"

"Marahaba, mama. Namhesabu. Lakini huyu hayuko sawa. Angekuwa na kumi, au arobaini."

"Huyo? Huyo namjua. Kabla ya masika ya mwaka jana alikuwa nayo kumi."

"Huyo alikuwa mwingine, mama."

"Mwingine! Baba, hapa ndipo ninapofunga kamba zangu. Kila bamvua naweka mguu hapa, na yeye yuko papa hapa. Mkono mmoja ukimkatika, panachipua miwili. Wewe umewaona wangapi?"

"Mia tatu na zaidi."

"Wazima?"



Mzee hakuitia barua posta. Alirudi bamvua iliyofuata, na nyingine, na nyingine, mwaka mzima. Alikuwa akikaa juu ya kreti, miguu ndani ya maji ya uvuguvugu, daftari mapajani, na jua likitetemeka chini mchangani kama kitambaa cha hariri. Siku moja kaa alipita akakata mkono mmoja. Bamvua mbili baadaye, pale palipokatika, pakatokea machipukizi mawili, membamba kama nyuzi. Mwaka ulipokwisha, mikono ilikuwa thelathini na minne.

Hapo akajua. Wale sita wa rafu ya juu hawakuwa aina mpya. Walikuwa watoto wa wale wa rafu ya chini, waliozibiwa chupani kabla hawajakua.

Sasa niwaulizeni. Barua iko tayari. Nani angejua? Mkulima wa mwani haandikiani na wataalamu. Na jina la mke lingeishi. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Mzee alichemsha maji, akazilowanisha zile lebo mpaka zikabanduka. Wino ukatoka, jina la Perusi likaelea kidogo katika beseni kama moshi, kisha likapotea.

Bamvua iliyofuata alimweleza yule mwanamke yote. Mwanamke akasema, "Baba, mawe yetu huku yote yana majina, tusije tukagombania mahali. Ila hili langu halina."

Akaendelea na kamba zake. Lakini kabla mwezi haujaisha, mzee alisikia akina mama wakiitana kule majini: "Kapu langu liko wapi?" "Umeliacha kwa Perusi!"

Ndugu zangu, mzee huyu hakuwa mwongo. Alihesabu sawasawa, kumi ni kumi. Kosa lake lilikuwa moja, nalo ni letu pia: alihesabu siku moja, akaziba chupa. Na sisi tunazo rafu zetu. Tumeandika lebo kwa wino mweusi: mlevi, mwongo, mwizi. Tuliona kwa macho yetu, kweli. Tuliona lini? Na tangu siku hiyo, nani kati yetu amerudi kutazama? Mungu hana kabati. Yeye hukaa kando ya kidimbwi, naye anajua mkono uliokatika na ule unaochipua leo.

Jumapili iliyopita mtu mmoja aliingia kwa mlango wa kando, akakaa peke yake. Tukanong'onezana: si ndiye yule aliyevunja duka? Ndiye. Miaka tisa iliyopita.

Leo amekuja tena. Sitamtaja, na tafadhali msigeuze vichwa. Nasema tu kwamba benchi lake linakaa watu sita, naye amekaa peke yake. Nitanyamaza kidogo, ili mwenye kutaka kuhama ahame.