Golikipa Aliyekataa Kulala Chini

Ndugu zangu, kulikuwa na golikipa mmoja, mwanamke, jina lake Sikudhani. Alidakia timu ya taifa ya wanawake ya nchi moja ndogo, timu ambayo ilikuwa haijawahi kukanyaga mashindano makubwa. Mnajua timu za namna hiyo zinavyolelewa. Walifanya mazoezi wavulana wakishatosheka na uwanja. Jezi zao zilikuwa za wanaume, mikono inafika kwenye vidole. Na kila Sikudhani alipopita mtaani na glavu zake, hakukosa wa kumuuliza, "Mama mzima, una mtoto, bado unakimbizana na mpira?" Naye anajibu, "Ndiyo. Njoo na wewe."

Basi wakafuzu. Hata wenyewe walishangaa. Wakapanda ndege, wengi wao kwa mara ya kwanza, na mechi ya kwanza wakapangiwa wenyeji wa mashindano, wasichana waliofundishwa mpira tangu wakiwa wadogo kabisa.

Magoli yakaanza kuingia. Kila moja likiingia, uwanja mzima unalihesabu kwa sauti, kwa lugha ya kwao. Kufika mapumziko, Sikudhani, ambaye hakujua hata salamu ya lugha ile, alikuwa ameshajua kuhesabu hadi nane.

Wakaingia chumba cha kubadilishia nguo. Beki mmoja, binti mdogo kuliko wote, aliyejifunga goli la tano, alikuwa amefunika uso kwa taulo. Kocha anaangalia sakafu. Ndipo akaingia mkuu wa msafara, mzee mpole, aliyewapenda wale mabinti kama wanawe. Akafunga mlango, akashusha sauti.

"Wanangu, inatosha. Wachezaji wa akiba wameshaingia wote. Sheria inasema timu ikibaki na wachezaji pungufu ya saba, refa anavunja mchezo. Watano wenu waanguke, washike mguu, tutoke hapa. Nyumbani watasikia mliumia. Ni heri hivyo kuliko haya."

Ndugu zangu, msidhani Sikudhani hakutamani. Alitamani! Kidole chake kimoja kilikuwa kimevimba, glavu haivuliki. Mashavu yalikuwa yanawaka kwa aibu. Aliwaza mama yake amekaa mbele ya televisheni ya jirani, na watu wanacheka. Kulala kwenye majani dakika moja tu, kisha yaishe. Nani angemlaumu?

Akainuka. "Baba," akamwambia yule mzee, "mguu wangu ni mzima."

"Najua ni mzima, mwanangu. Nakuokoa."

"Unaniokoa na nini? Kufungwa nimeshafungwa. Nikilala chini nitakuwa nimefungwa, halafu nitakuwa mwongo pia." Akamgeukia yule beki mdogo. "Toa hilo taulo. Funga viatu."

"Dada Siku, nimechoka."

"Hata mimi. Funga viatu twende."

Wakatoka wote kumi na mmoja. Kipindi cha pili wakacheza kama watu waliochokozwa. Sikudhani alizuia kwa mikono, kwa kifua, mara moja kwa uso, akainuka damu zinamtoka puani, akawafokea mabeki wake wapange ukuta. Na bado yaliingia mengine manne. Filimbi ya mwisho ikapigwa, kumi na mbili kwa bila. Mwandishi wa habari akamsogezea kipaza sauti. "Mmefungwa kumi na mbili. Mna nini cha kujivunia?" Akajifuta pua, akasema, "Mechi inayofuata ni lini?"

Najua mnachosubiri. Naona hapo mbele mmeshaanza kutabasamu, mnangoja niseme kwamba mechi iliyofuata walishinda. Hawakushinda. Walifungwa tano. Ya tatu wakafungwa pia, wakarudi kwao bila goli hata moja.

Mbona mmenyamaza?

Nani alitufundisha kwamba Mungu hukaa na waliofunga tu? Tunakuja hapa kila Jumapili na hesabu zetu: nimeomba, kwa hiyo nitashinda. Tukifungwa tunatafuta pa kuangukia. Na mwangalie vizuri yule mzee. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na huruma ya kweli! Ndiyo sababu ilikuwa vigumu kumkatalia. Anayetukana utampuuza, anayekuambia kwa upole "umejitahidi vya kutosha, lala," huyo ndiye anayetumaliza. Kijana ameacha pombe, ameanguka tena juzi, rafiki anamwambia, "Ndugu yangu, wewe ndivyo ulivyoumbwa." Mama anamwombea mwanawe aliye gerezani, dada yake anamwambia, "Msahau, upumzike." Maneno matamu hayo, na yanaua.

Kama mguu wako unauma kweli, keti. Tutakubeba, na hakuna aibu. Lakini kama ni mzima na umeushika tu kwa sababu watu wanacheka, sisi hatutakubali. Inuka! Hatujaahidiwa kwamba hatutafungwa. Tumeitwa tusimame, na kusimama hakuhitaji ruhusa ya anayehesabu magoli.

Yupo mama kati yetu, sitamtaja, anapigania shamba la marehemu mumewe. Ameshindwa kwenye kijiji, ameshindwa kwenye kata, na wiki hii nimesikia kwa masikio yangu waumini wa kanisa hili wakimshauri aache, wakwe zake wana nguvu. Mliomshauri mlimhurumia, najua. Kesho asubuhi baraza la ardhi la wilaya linaisikiliza kesi yake. Huenda akashindwa tena. Anakwenda.

Swali langu la leo ni moja tu. Nani anakwenda naye? Nyosheni mikono, niione.