Utepe wa Jaji Korongo

Hapo zamani za kale, na wewe uliye mlangoni ingia au toka, usituletee baridi, hapo zamani wanyama walikuwa na nyumba zao, wake zao na magomvi yao, na kila nyumba ilikuwa na kidimbwi cha samaki wa mapambo. Wale wanaoitwa koi. Si wa kukaanga! Nimesikia mtu anameza mate. Ni wa kutazama tu, weupe wenye mabaka mekundu au meusi mgongoni, kila mmoja na mabaka yake.

Kila mwaka kulikuwa na mashindano. Samaki anawekwa kwenye beseni la buluu, jaji anamtazama kutoka juu: umbo, rangi, mabaka yamekaaje. Mwenye samaki bora anapewa ufunguo wa mfereji wa chemchemi, na mwaka mzima yeye ndiye anayegawa maji.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Kiboko alikuwa mwenyekiti wa mashindano. Kiboko huyohuyo alikuwa mshindani. Na jaji, aliyeteuliwa na Kiboko huyohuyo, alikuwa nani? Korongo! Ndege mwenye mdomo mrefu kama mpini wa jembe, asubuhi anakula samaki, mchana samaki, jioni samaki. Jamani!

Basi kila mwaka mambo yalikuwa yaleyale. Korongo anazunguka mabeseni, anachagua samaki mmoja, anasema, "Huyu nitamkagua faraghani." Anampeleka nyuma ya pazia. Kimya. Kisha: glup! Anatoka anajifuta mdomo.

"Poleni sana. Amekufa kwa mshtuko. Mshindi ni Kiboko!"

Na wanyama wazima na akili zao wanapiga makofi, pwa! pwa! pwa! Kwa nini? Kwa sababu ufunguo wa maji uko kwa Kiboko, na hakuna aliyetaka kukosana na mwenye maji. Mimi ningekuwepo ningerusha kiatu.

Sasa, Digidigi, mdogo kuliko wote, miguu kama njiti za kiberiti, alikuwa na koi mmoja anaitwa Leso. Mweupe pee, mabaka mekundu yamepangana mgongoni kama pindo la leso mpya. Watoto walimlisha mkononi. Lakini maji ya kidimbwi yalikuwa yamebaki magotini mwa Digidigi, na magoti ya Digidigi mnayajua yalipo. Kiboko alikuwa akimfungulia maji kwa matone.

"Baba Tabu," mkewe alimwambia, "maji yanaisha. Leso anahema juu juu. Mwezi huu haumalizi."

"Nimeona, Mama Tabu."

"Umeona! Kila siku umeona! Mpeleke mashindanoni tupate ule ufunguo."

"Nimpeleke Leso kwa Korongo? Si bora nimkaange mwenyewe?"

"Na ukimwacha hapa atakauka kama dagaa. Haya, sema!"

Digidigi akakuna sikio. Akakuna la pili. "Mama Tabu, ule utepe mwekundu wa harusi ya shangazi bado upo?"

"Mimi naongea maji, wewe unaongea utepe! Mungu wangu, mimi nimeolewa na nani?"

Lakini akautoa.

Zilipobaki siku chache kufika mashindano, Leso hakulishwa tena. Msinitolee macho, kila mfugaji wa koi anajua hilo. Samaki wa mashindano haendi na tumbo lililojaa, maana atachafua beseni lake mwenyewe mbele za watu. Watoto walilia, Leso akawa anafungua mdomo, pwa, pwa, anaomba. Digidigi alikaza moyo.

Na Kiboko? Asubuhi ya mashindano alimshindilia samaki wake ugali, maharage na boga. "Kula, mwanangu, kula!" Kwa nini ahangaike na utaratibu, wakati matokeo anayo mfukoni?

Kuna mwingine naye aliyefunga. Korongo. Tangu jana yake hakutia kitu tumboni, alikuwa anaacha nafasi. Mlafi asiye na haya!

Uwanja ukajaa. Mabeseni yakapangwa. Korongo akaja kwa maringo, hatua moja leo, hatua moja kesho. Digidigi akajitokeza mbele, akainama mpaka pua ikagusa vumbi.

"Shikamoo, Mheshimiwa Jaji! Lakini jamani, mbona Mheshimiwa hajavaa utepe?"

Korongo akasimama. "Utepe gani?"

"Ule wa Jaji Mkuu! Ina maana mwenyekiti hakukwambia? Majaji wadogo hawavai. Ila wewe, kwa cheo chako..."

Korongo akamgeukia Kiboko kwa hasira. "Miaka yote hii, mimi sina utepe?"

"Mimi... mimi sijui habari ya utepe," Kiboko akababaika.

"Bahati nzuri ninao hapa," akasema Digidigi, akaukunjua ukameremeta juani. Uwanja mzima ukasema, "Aaaah!"

Korongo akanyoosha shingo. "Nivishe."

"Si shingoni, Mheshimiwa. Shingoni anafungwa mbuzi. Jaji Mkuu huvaa mdomoni, pumzi isichafue maji ya beseni."

"Mdomoni? Na nitamtangazaje mshindi?"

"Mkubwa atangaze? Kupiga kelele ni kazi ya mnadi! Wewe unagonga tu beseni la mshindi kwa mdomo, ko! Umma wote umeelewa."

Korongo akafikiri. Nitagonga la Kiboko, akajisemea, kisha nitaenda nyuma ya pazia, nivue utepe, nile kwa nafasi. "Sawa. Nifungeni, tena vizuri."

Mama Tabu akamfunga. Eh, alimfunga! Akazungusha, akakaza, akapiga fundo, na juu ya fundo akaweka ua. Uwanja ukashangilia, na Korongo akajivuna mpaka manyoya yakasimama.

Akaanza kuzunguka. Akafika kwenye beseni la Kiboko, akainama. Heee! Ugali, maharage na boga vyote vilikuwa vimeshatoka. Maji yamekuwa kama uji wa ulezi. Samaki haonekani hata mkia.

"Gonga basi!" Kiboko akamnong'oneza. "Gonga!"

Korongo akainua mdomo agonge. Lakini beseni la pili yake lilikuwa la Leso. Maji safi, unaona mpaka chini. Na Leso mwenye njaa, alipoona kivuli juu yake, akadhani analetewa chakula. Akapanda juu taratibu, akageuza mgongo, mabaka yote yakawaka juani.

Korongo akasahau Kiboko. Akasahau utepe. Tumbo likanguruma, gruuu! Akaruka.

"Mmmh!" Ko! Mdomo haufunguki. "Mmmmh!" Ko! ko! ko! ko! Anagonga beseni la Leso utadhani fundi seremala, mate yanamchuruzika kupitia utepe.

"Mshindi ni Leso!" akapiga kelele Digidigi. "Mmeona wenyewe!"

"Leso! Leso!" uwanja ukaitikia.

"Hapana!" Kiboko akanguruma. "Amekosea!"

"Amekosea?" Digidigi akamgeukia. "Mwenyekiti, si ulituambia hakuna anayejua samaki kama Korongo? Ulimteua wewe, au nimemteua mimi?"



"Mmmh! Mmmh!" alisema Korongo, na hakuacha kugonga.

Ndipo Tembo, ambaye hufikiri polepole lakini hufika, akainua mkonga. "Subirini kidogo. Mwaka jana alimchagua samaki wangu. Akaenda naye nyuma ya pazia. Akafa kwa mshtuko." Akatazama mate yaliyokuwa yakichuruzika. "Maiti yake sikuiona."

"Hata wangu!" akasema Nyati.

"Hata wangu!" akasema Pundamilia.

Sasa ndio wanaamka! Miaka yote hiyo! Korongo alikuwa akimchagua samaki bora bila kukosea hata siku moja. Sema alikuwa anamtangazia tumboni.

Tembo akamvua Kiboko ufunguo shingoni, akampa Digidigi. Ulikuwa mzito, ilibidi waubebe yeye na mkewe. Kabla ya jua kuzama maji yakaingia kidimbwini, gubu! gubu! gubu! Leso akatupiwa chakula, akala mpaka watoto wakachoka kumtupia.

Jioni mlango ukagongwa. Ko, ko, ko.

"Nani?" akauliza Mama Tabu.

"Mmmh," ikajibu sauti nje.

"Aa, Mheshimiwa! Karibu ukae hapo barazani. Lile fundo nitalifungua, ila kwanza nioshe vyombo, nisonge ugali, niwalaze watoto, na maji yenyewe ya kuoshea vyombo leo ni mengi, sijui nitamaliza saa ngapi."

Basi hadithi nimeibwaga hapo, na mnachokwenda nacho kulala ni hiki: mwenye njaa ya kitu chako usimpe kazi ya kukipima, na ukilazimishwa kumpa, mfunge mdomo kwanza.