Waliokuja Kungoja Sahani

Kukopa harusi, kulipa matanga. Nimesikia mmoja wenu akimtania mwenzake kwa maneno hayo, kisa kadi ya mkopo aliyopewa na benki, mkacheka mpaka mkashika mbavu. Haya, chekeni. Sasa mwataka kujua yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Kijiji cha Mtangani kilikuwa na pango lililokopesha vyombo. Mwenye harusi alikwenda asubuhi na chetezo cha udi, akasimama mlangoni mwa pango, akataja anachohitaji, kisha akaondoka bila kugeuka nyuma. Akirudi jioni alikuta sahani na masinia yamepangwa, safi. Nani kayapanga? Hakuna aliyeuliza. Sharti lilikuwa moja tu: virudi kabla ya fungate kwisha. Wenye akili waliomba vichache, wakavirudisha mapema, na maisha yakaendelea.

Bi Kazija alikuwa akimwoza binti yake wa pekee, Salha, kwa watu wa mjini. Dharau za wakwe alizihofia kuliko alivyolihofia pango.

"Omba sahani za udongo, za kutosha wageni tu," mdogo wake Mafunda alimsihi.

"Wewe! Nionekane fukara mbele ya wakwe?"

Akaomba sahani za kaure zenye ukingo wa dhahabu, tele. Akapewa zote.

Harusi ilifana, watu wakashika vinywa. Ulipofika wakati wa kupeleka chakula kwa kina bwana harusi, Kazija akakipakua katika sahani zile zile. Hapo ndipo alipoharibu. Kwao, chombo kilichokwenda na chakula hakidaiwi; mkwe hukirudisha siku atakayojaaliwa, nacho hakirudi kitupu. Tena wakwe walipozisifu sahani, Kazija alijibu, "Zangu hizo, za urithi." Utazidaije tena baada ya hapo?

Fungate ikaisha. Kulipokucha, Kazija alifungua mlango akamkuta mwanamke ameketi barazani, kajifunika gubigubi.

"Karibu, bibi. Una shida gani?"

"Nangoja sahani yangu."

Sauti ilikuwa kama ya mtu anayesemea kisimani. Roho ilimruka Kazija. Akavua pete, akampa, naye mwanamke akaipokea.

"Hii ni ya kungoja kwangu," alisema. "Sahani bado."

Kesho yake walikuwa wengi. Waliingia bila hodi, wakaketi kwenye mikeka wakiegemea ukuta. Hawali, hawanywi, hawapepesi macho. Kazija aliwapa bangili, doti za kanga, mbuzi, mpaka kitanda alichokuwa akilalia. Kila kitu walipokea, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: "Ya kungoja. Sahani bado." Hata vyungu vilikwenda, na moto jikoni haukuwashwa tena.

Majirani waliochungulia waliona mikeka sakafuni, meko baridi, na wanawake kimya waliojifunika. Wakajua pana msiba. Wakaja na uji, wakaja na vilio. Habari zikafika mjini, Salha akaja mbio huku machozi yakimtiririka, akapenya katikati ya wanawake wale asiowajua.

"Mama! Nani kafa?"

Kazija aliyatazama yale macho yasiyopepesa. Hakuwa na kitu tena cha kuwapa. Akamwona mwanamke wa kwanza, mwenye kuvaa pete yake, akigeuza uso taratibu na kumkazia macho Salha. Aibu yote ilimtoka papo hapo.

"Hajafa mtu, mwanangu," alisema. "Ninalipa harusi yako. Sahani zile hazikuwa zangu, nilikopa nikadanganya. Kimbia kazilete, upesi!"

Salha alizileta siku hiyo hiyo. Mkwewe, masikini, alizitoa bila kinyongo, akashangaa tu kwa nini hakuambiwa mapema. Kila sahani ilipowekwa mkekani, mwanamke mmoja aliinuka akatoka. Pete, bangili na kitanda havikurudi.

Kazija alibaki ameketi sakafuni katika nyumba tupu. Majirani, ambao hawakuelewa kitu, waliendelea kumshika mkono na kumpa pole, naye alizipokea zote.

"Dada, waambie basi kwamba hakuna maiti," Mafunda alimnong'oneza.

"Waache walie," Kazija alimjibu. "Kukopa harusi, kulipa matanga."